FUNDISHO: NENO "MANUNG'UNIKO"

Masomo: Hesabu 11:1-10, Matendo 6:1-6, Wafilipi 2:14



Kunung'unika si sawa na kulalamika. Mwenye kulalamika hufungua kinywa mbele ya yule aliyemkosea. Mwenye kunung'unika husema chinichini, na anayepaswa kusikia hasikii. Ndani ya neno hili mna moyo usioridhika, na mara nyingi mna mtu anayejiona mgeni mahali alipo.

Waisraeli walinung'unika jangwani, wakatamani samaki na matango ya Misri, na huku mana ilishuka kila siku. Mungu alikasirika. Lakini katika Matendo 6 wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa kweli katika mgawo. Mitume hawakuwakemea. Watu saba walichaguliwa, na tazameni majina yao, tangu Stefano hadi Nikolao wa Antiokia: yote ni ya Kiyunani. Yaonekana mgawo uliwekwa mikononi mwa upande ulionung'unika.

Mwaka 2024, vita vilipokaribia Sake, ndugu wengi waliteremka kutoka milima ya Masisi mpaka kwetu Bweremana, kandokando ya ziwa. Tulipogawa maharagi tulianza na majina tuliyoyajua, na wageni wakapata kilichobaki. Mbele yetu hawakusema neno. Walinung'unika vibandani mwao chini ya shitingi, na siku ya Mungu nafasi zao zikabaki wazi. Sisi mashemasi tukasema: hawana shukrani. Tulikosea. Tuliwahesabu kuwa watu wa jangwani, kumbe ni wajane wa Matendo 6. Basi tuliwaomba wachague wawili wao, wakaandika orodha pamoja nasi.

Nchi yetu inajua bei ya kuziba masikio. Manung'uniko juu ya ardhi na utawala yalikaa miaka mingi mioyoni, na mwaka 1993 damu ilimwagika sokoni Ntoto, Walikale, vita vikafika Masisi.

Wafilipi 2:14 inamkataza kila mkristo kunung'unika. Haimruhusu shemasi kutosikia. Wewe uliyekosewa, njoo useme mbele ya wazee. Wewe mwenye kugawa, uliza kwanza: nani hayupo katika orodha?

Maulizo:
1. Manung'uniko ya jangwani na ya wajane yanatofautiana namna gani?
2. Katika chumba chetu cha maombi, nani anakaa karibu na mlango, na kwa nini?