SOMO KWA VIKUNDI VYA MASOMO: KUUZA MAZAO KWA NJIA YA SIMU

Wanachama wengi wa vyama vya msingi, hasa vijana na akina mama, sasa huuza mazao yao kwa njia ya intaneti. Hawana duka wala meza sokoni. Mwuzaji hupiga picha ya bidhaa, huiweka katika WhatsApp au Instagram, hupokea fedha katika simu, kisha huupeleka mzigo stendi ya mabasi. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Pasipo huduma za namna hiyo biashara hii isingalifika vijijini. Somo hili laeleza jinsi inavyoendeshwa siku kwa siku, na mahali fedha ya mwanachama inapopotea bila ya mwenyewe kutambua. Mfano utakaotumika ni wa asali, zao lijulikanalo sana mkoani Tabora, ingawa mengi yasemwayo yawahusu pia wauza mchele, karanga na vikapu.

Hesabu ya chupa moja

Tuchukue mwanachama anayenunua asali kwa mfuga nyuki kwa shilingi 10,000 kilo moja, na kuiuza kwa mteja wa Dar es Salaam kwa shilingi 18,000. Bei hizi ni za mfano tu. Mwanachama huyo hujiambia kwamba faida yake ni shilingi 8,000 kwa kila chupa, na kwa hesabu hiyo huahidi: "Usafiri bure."

Sasa na tuandike gharama zote. Chupa na lebo ni shilingi 1,200. Karatasi na boksi la kufungia ni 500. Sehemu ya bando la mwezi, ikigawanywa kwa chupa zilizouzwa, ni 300. Sehemu ya nauli ya mzigo katika basi ni 1,000. Bodaboda wa kuupeleka mzigo kutoka stendi hadi nyumbani kwa mteja ni 4,000. Ukijumlisha na bei ya asali yenyewe, chupa imegharimu shilingi 17,000. Zile 8,000 zimebaki 1,000. Tena ikiwa katika kila chupa 20 moja huvunjika au kuvuja njiani, na mwuzaji hulazimika kupeleka nyingine, hasara hiyo huondoa shilingi 850 katika kila chupa. Zilizosalia ni 150, na makato ya kutoa fedha kwa wakala bado hayajahesabiwa, wala muda wa mtu aliyejibu maswali hadi saa nne za usiku.

Ndiyo maana watu hushangaa kuona kwamba simu inalia kutwa, mizigo inaondoka, na bado mtaji unapungua. Mtu huyu hakuibiwa. Aliitoa faida yake kwa bodaboda kwa hiari yake. Akiwauzia wateja chupa tatu kwa safari moja, gharama ya bodaboda kwa chupa hushuka kutoka 4,000 hadi 1,333, na hapo biashara huanza kupumua. Au amwambie mteja wazi kwamba usafiri unalipiwa mbali. Wateja wengi hukubali, ilimradi waambiwe kabla na si mzigo ukiwa mlangoni.

Jambo la bei laongezewa neno. Imekuwa desturi ya wauzaji kuficha bei, na mteja akiuliza huambiwa aje faraghani. Desturi hii haifai. Huwachosha wanunuzi, na huwapa sababu ya kudhani kwamba kila mtu anatajiwa bei yake. Duka la ushirika huandika bei ubaoni. Duka lililomo ndani ya simu lifanye vivyo hivyo.

Kilo si lita

Hapa ndipo ugomvi mwingi wa asali unapozaliwa. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4. Kwa hiyo chupa ya nusu lita ina gramu 700 hivi, nayo si kilo. Mwuzaji anayetangaza kilo moja na kupeleka nusu lita amempunja mteja gramu 300. Kinyume chake, anayenunua kwa kilo na kuuza lita kwa bei ya kilo hujipunja mwenyewe: kilo 14 za asali hujaza chupa 10 tu za lita moja, wala si 14. Dawa yake ni mizani. Waanzilishi 28 wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844, waliahidi bidhaa safi na uzito kamili, kwa sababu wafanyakazi wa mji ule walikwisha kuchoshwa na unga uliochanganywa na mizani za udanganyifu. Mnunuzi wa simuni yu katika hali ngumu zaidi kuliko wao, kwani hulipa kabla ya kuiona bidhaa.

Mteja mwingine hupiga simu baada ya wiki kadhaa akilalamika kwamba amepelekewa sukari, kwa kuwa asali imeganda. Asali halisi huweza kuganda, hasa mahali penye baridi. Ikiwekwa katika maji ya uvuguvugu hurudi hali yake. Maelezo hayo yaandikwe kwenye lebo, malalamiko yatapungua. Lakini asali inayotoa povu na harufu ya kuchachuka ni jambo lingine: aghalabu ilirinwa kabla ya kuiva, ikiwa na maji yanayozidi asilimia 20. Hiyo irudishwe na mteja apewe fedha zake pasipo mabishano.

Ujumbe si fedha

Matapeli hutuma ujumbe ulioandikwa kama ule wa kampuni ya simu, kumbe umetoka katika namba ya mtu binafsi. Wengine hutuma picha ya muamala iliyochezewa, wakahimiza kwamba basi linaondoka. Kanuni iwe moja: mzigo hautoki mpaka mwuzaji afungue akaunti yake mwenyewe na kuliona salio limeongezeka. Akiambiwa kwamba fedha imezidi au imetumwa kimakosa, asirudishe kwa mkono wake. Amwelekeze mtumaji kwa kampuni yake ya simu. Namba ya siri haipewi mtu yeyote. Ujumbe wa utapeli hupelekwa namba 15040.

Laini ni ya nani?

Swali hili lawahusu makatibu. Chama kinapoamua kuuza mazao ya wanachama kwa njia hii, mara nyingi kazi hupewa kijana mmoja mwenye simu nzuri, naye hutumia laini yake. Mwaka wa kwanza mambo huenda vizuri. Kijana akihama au akikosana na kamati, huondoka na namba, wateja, picha na sifa njema ya chama, na pengine fedha zilizomo. Kamati haina la kudai, kwa sababu laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyake. Yafaa basi kamati ipitishe azimio katika muhtasari, laini na Lipa Namba visajiliwe kwa jina la chama, na namba za siri za kurasa zihifadhiwe na watu wasiopungua wawili.

Tena mazungumzo ya WhatsApp si daftari. Simu ikitumbukia kisimani hesabu imekwisha. Kila mauzo yaandikwe siku hiyohiyo: tarehe, jina la mteja, uzito, bei, nauli, namba ya muamala, na siku mzigo ulipopokelewa. Mwisho wa mwezi katibu alinganishe daftari na taarifa ya akaunti ya simu, mstari kwa mstari. Mkaguzi atakapofika ataomba stakabadhi, na hatakubali kuonyeshwa kioo cha simu. Orodha ya namba za wateja nayo isigawiwe ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yahusu vyama pia.

Maswali ya kujadiliwa

1. Chukueni bidhaa moja inayouzwa na mwanachama wenu kwa simu. Andikeni gharama zake zote kama ilivyofanywa hapo juu. Je, faida aliyoitaja ndiyo mliyoipata?

2. Namba ya simu inayotumiwa na chama chenu imesajiliwa kwa jina la nani, na azimio la jambo hilo limo katika muhtasari wa mkutano upi?

3. Mteja wa mbali adai kwamba chupa mbili kati ya sita zilifika zikiwa zimevuja. Hakupeleka picha. Nani abebe hasara: mteja, mwuzaji, au wenye basi? Mngeandika nini mapema ili swali hili lisizuke?