PAA LA KIJANI: UDONGO UBAKI CHINI



Katika kikao cha Hewani mama mmoja aliuliza: "Wenzetu wa mijini wanapanda majani juu ya nyumba, joto linapungua. Sisi wa mabati tunaokwa mchana kutwa. Mbona na sisi tusipande?"

Swali zuri, lakini kwanza tupime mzigo. Udongo wa kina cha sentimita 10 ukilowa mvua hufika kilo 150 na zaidi kwa kila mita mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4, hiyo ni karibu tani mbili juu ya watoto waliolala. Wagogo wa Dodoma, Tanzania, tangu zamani walijenga tembe, nyumba za paa la udongo. Lakini wao walisimamisha nguzo nene ndani kwa ndani, tena nchi yao ni kavu. Sisi tuko kando ya Tana. Mafuriko ya 1997, 2018 na yale ya 2023 mliyaona wenyewe: maji yakikaa, ukuta wa kukandika hulainika chini. Ukiongeza mzigo ule juu, nyumba inaketi. Kwa hiyo mimi nasema hapana.

Kivuli cha majani, hicho tunaweza kupata. Chimba shimo upande wa magharibi, linakotoka jua kali la alasiri, hatua mbili kutoka ukutani ili maji yasiufikie. Tia samadi, panda mamumunye, maboga au madodoki. Simamisha nguzo zake zenyewe, zisiegemee nyumba, kisha funga fito zipite juu ya bati bila kuligusa, nafasi ya shubiri moja. Bati la moto huunguza majani, na hewa lazima ipite katikati. Mwagilia maji ya kuoshea mboga. Mfereji wa kukinga maji ya mvua uweke upande wa pili, majani yasiuzibe. Jiko la kuni likae mbali.

Mwenye makuti asifanye hivi. Unyevu utayaozesha, na makuti yenyewe hayachomi kama bati.

Tumbili nao watakuja kwa maboga. Dawa yao msiniulize mimi!

Maswali ya kikundi:
Nani kati yetu ana chumba cha bati chenye mgonjwa au mtoto mchanga, tuanze kwake?
Nguzo na fito tutakata wapi bila kumaliza miti ya ukingo wa mto?