Daraja ya Mwanafunzi Chuoni

Wapo vijana wengi waingiao vyuo vikuu, wala hawajui waliposimama mpaka matokeo ya mwaka yatangazwe. Hilo ni kosa. Mfugaji wa Kipsing, huko Isiolo, huhesabu mbuzi wake kila jioni warudipo zizini. Hangoji mwisho wa mwaka ndipo ajue wangapi wamepotea. Na pengine mbuzi hao ndio wauzwao ili mwana apate karo.

Basi na tuifahamu hesabu yenyewe. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya, kufaulu somo ni alama 40 katika 100, na daraja ya juu huanzia 70. Mara nyingi alama 30 hutokana na kazi na majaribio ya muhula, na 70 hutokana na mtihani wa mwisho. Aliyepata 12 katika zile 30 ana haja ya 28 katika mtihani ili afaulu tu. Lakini akiitaka daraja ya juu, yampasa apate 58. Kumbe mtihani umekwisha kuanza tangu wiki za mwanzo!

Aliyeanguka asijifiche kwa haya. Amwendee mwalimu wake mapema, aulize alipokosea, na aijue siku ya mtihani wa marudio. Nasi wazee tusiulize, "Umefaulu?" peke yake, bali tuulize, "Sasa umefika wapi?" Aulizwaye kwa upole husema kweli.