Sala na Ulinzi
Somo: Nehemia 4:9

Wapendwa, wako Wakristo wasemao ya kuwa kujiweka tayari kabla ya hatari ni upungufu wa imani. Nehemia hakufundisha hivyo. Adui walipotishia Yerusalemu alimwomba Mungu, kisha akaweka walinzi. Sala haikuuondoa ulinzi.

Neno hili latuhusu sisi wa Mahurunga, tukaao kati ya bahari na maji ya Ruvuma. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga Msumbiji, ng'ambo ya mto wetu. Watu wa Mtwara walikuwa wameonywa mapema.

Basi kila usharika ufanye haya kabla ya mvua kuanza:
1. Uchague mahali pa juu pa kukimbilia.
2. Uandike majina ya vikongwe, wagonjwa na wajane, hata wasio wa dini yetu, na jina la atakayemchukua kila mmoja.
3. Upatane juu ya mlio wa kengele ya hatari, usiofanana na ule wa ibada.

Asemaye, "Bwana atatulinda," naye amemwacha jirani yake kipofu asijue njia, imani yake ni ya mdomoni tu.

Swali: Katika usharika wako, ni nani atakayemwongoza kipofu?