Ukialikwa Tohara Webuye

Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti ikiingia, Wabukusu wa magharibi mwa Kenya hutahiri vijana wao. Ukiwa na rafiki wa Webuye, jiandae kupokea mwaliko.

Mpe kitu anayekualika. Kijana mwenyewe huzungukia jamaa akigonga kengele za chuma, chinyimba, kwenye vikuku vya mikononi, huku kundi likiimba nyuma yake. Akifika ulipo, mtunze hata kama ni shilingi chache.

Fika jioni. Kufikia macheo shughuli imekwisha. Matatu za Eldoret kwenda Bungoma hupita Webuye. Usitafute sherehe mjini, kwenye mitaa iliyokua na kiwanda cha karatasi cha Pan Paper mpaka kikasimama 2009; boma liko mashambani. Mtajie wa bodaboda jina la mwenye boma na shule iliyo karibu. Beba koti na viatu vya tope.

Usijipeleke mtoni. Kabla hakujakucha kijana huogeshwa, akapakwa tope baridi mwili mzima na kubandikwa bonge lake utosini. Hiyo huwa shughuli ya wanaume, na mgeni huomba ruhusa kwa wazee kwanza. Wakirudi huimba Sioyaye kwa kishindo, na huwa hawapiti njia waliyoendea, kwa hiyo wasubiri uani.

Acha simu mfukoni. Kijana hukatwa akiwa wima, macho mbele, bila kupepesa. Akitikisika, aibu ni ya ukoo mzima. Kummulika usoni wakati huo ni kumharibia. Filimbi ya ngariba ikilia na vigelegele vikapanda, basi. Picha mwombe baba yake.

Gawa zawadi mara mbili. Sukari au unga mkabidhi mama wa nyumba usiku ule unapofika. Pesa au kuku wa kijana ngoja akalishwe na kufunikwa shuka. Pombe ya busaa hunywewa chunguni kwa mirija mirefu. Kama hunywi, sema mapema uwekewe chai.

Kula kwanza, halafu aga wazee. Waulize kijana ameingia rika gani, kwani marika ni manane, yanapokezana kwa zamu, na kila moja lina jina lake. Ukibakiwa na muda, panda kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walipigana na Waingereza 1895, kisha uteremke kwenye maporomoko ya Nabuyole katika mto Nzoia.