Kikapu Nyuma ya Mlango

Somo la juma hili
Andiko la msingi: Yohana 6:1-13
Soma pia: Danieli 6:10, Luka 16:10, Warumi 14:13

Habari ya mikate mitano na samaki wawili tunaijua tangu shule ya Jumapili. Lakini leo twende mpaka mwisho wake, mstari wa 12 na 13. Wanaume kama 5,000 wameshiba, na Yesu anaagiza mabaki yakusanywe, kisipotee kitu. Wanafunzi wanajaza vikapu 12.

Nimehubiri habari hii mara nyingi, na sikuwahi kujiuliza vikapu vile vilitoka wapi. Biblia haisemi vilikuwa vya nani. Wala hatusomi kwamba vilishuka kutoka mbinguni. Mimi naamini kuna watu waliotoka kwao asubuhi ile wakiwa wamevibeba.

Aliyenifanya niulize swali hilo ni mama mboga wa mtaani kwetu. Jioni moja nilisimama kwake nikaagiza sukuma wiki, nyanya na dania. Mikono yangu ilikuwa mitupu. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, halafu akachomoa karatasi ya nailoni chini ya gunia alilokalia. Nikamtania, "Mama, hizi si zilikatazwa?"

Akanijibu bila kucheka: "Pasta, zilikatazwa, lakini nyinyi wateja mnakuja mikono mitupu. Nikisema sina, unaenda kwa yule wa pale mbele. Na nikishikwa, ni mimi nitaenda ndani, si wewe."

Nilifika nyumbani na sukuma yangu, lakini chakula hakikushuka vizuri.

1. Sheria ilibadilisha duka, haikunibadilisha mimi

Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza hapa Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Sababu tulikuwa tunaziona kwa macho: mitaro iliyoziba mvua ikinyesha, nailoni zilizonasa kwenye kila ua, na ng'ombe waliochinjwa wakapatikana na karatasi tumboni. Supermaketi zikaacha kutupa mifuko ile, nami nikasema, "Amina, tumetii."

Kumbe bado. Baada ya maneno ya yule mama nilifungua kabati ya jikoni nikahesabu mifuko ya kubebea niliyonunua kwenye kaunta, kila mara kwa sababu nimesahau mwingine nyumbani. Ilikuwa 27! Mfuko mzito hutengenezwa kwa malighafi nyingi kuliko ile karatasi nyepesi. Faida yake ni kurudiwa, tena mara nyingi. Nikinunua mpya kila safari, nimebadilisha aina ya takataka tu.

2. Uaminifu hutayarishwa kabla ya saa yake

Mtu ataniambia, "Pasta, hilo ni jambo dogo." Ndiyo, ni dogo. Luka 16:10 inazungumza juu ya madogo hayo hayo.

Sikuwa mkaidi, nilikuwa nasahau. Lakini mbona simu sisahau? Mbona Biblia sisahau Jumapili? Ni kwa sababu ina mahali pake. Mtazame Danieli. Amri ya mfalme ilipotoka, hakuanza siku hiyo kujifunza kuomba. Aliomba kama alivyozoea. Saa ya jaribu ilimkuta na mazoea tayari.

Basi mimi nilifanya haya, nawe unaweza kuyafanya:

- Nilipiga msumari nyuma ya mlango nikatundika kikapu. Nikishatoa vitu jikoni, kinarudi msumarini kabla sijaketi.
- Mfuko mmoja mwepesi nimeukunja ndani ya begi ninalobebea Biblia, kwa sababu mara nyingi tunanunua vitu tukitoka kanisani.
- Nyama naiendea na bakuli lenye kifuniko. Mfuko wa kitambaa ukichafuka, unafuliwa na kuanikwa.
- Nikisahau, sinunui mwingine. Narudi nyumbani.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifunza. Siku moja nilikuwa nimefika sokoni, nikakumbuka, nikapanda kile kilima chote tena kurudi kuchukua kikapu. Nilinung'unika njia nzima, lakini tangu siku hiyo sijasahau tena. Na mama zetu walienda soko na kiondo miaka yote bila kulazimishwa na mtu.

3. Usimwekee mwenzako kikwazo

Katika Warumi 14 Paulo alikuwa anazungumza juu ya vyakula, lakini fundisho linatufikia: uhuru wangu usimwangushe mwenzangu. Faini ya sheria hii ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili. Huyu ni mama anayeuza mboga juu ya gunia! Jumapili tunamwombea biashara yake ibarikiwe. Jumatatu tunamsukuma avunje sheria, ili sisi tusibebe kikapu. Wapendwa, hapo tutubu.

Nilirudi kwake na kikapu changu kikubwa. Akacheka, "Pasta, leo unanunua ama unahama?" Nikamwomba msamaha. Akanipimia, kisha akaniongeza nyanya mbili. "Hizo ni pesa za karatasi ambayo sijakupa," akasema. Kumbe zile karatasi huwa anazinunua kwa pesa yake mwenyewe, na mimi nilikuwa nafikiri ni za bure.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Una mifuko mingapi nyumbani? Nenda uhesabu kabla ya kujibu.
2. Ni jambo gani lingine ambalo "unasahau" kwa sababu hujalitafutia mahali?
3. Ni nani anayebeba hatari kwa sababu ya urahisi wako?

Hatua ya juma hili: piga msumari wako. Jumapili ijayo tutaulizana.

Ombi: Baba, utusamehe kwa madogo tuliyodharau. Tufundishe kutunza ulichotupa na kumhurumia jirani anayetuuzia. Tutokapo nyumbani, tuwe tayari kukutii. Katika jina la Yesu, Amina.