Ujuzi wa Kazini: Usiuache Getini



Siku moja tulikuwa na mkutano wa kikundi huko Likoni. Mzee mmoja akasimama, akatuonyesha mikono yake. "Mikono hii imechomelea vyuma miaka kumi na mmoja," alisema. "Juzi nimevuka feri kwenda kuomba kazi, nimeulizwa karatasi. Sina hata moja."

Mzee huyu aliingia kwenye kampuni kama kibarua wa kubeba vyuma. Msimamizi akaona ana akili nyepesi, akamfundisha kuchomelea. Akawa fundi kweli kweli. Kampuni ilipofungwa alipewa pesa zake za mwisho, basi. Ujuzi alitoka nao, lakini ushahidi wake ulibaki getini.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Ni kweli. Lakini hao hao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi nao ni mali. Somo letu la leo ni hili: tukifundishwa kazini, tutahakikishaje kwamba tulichojifunza ni chetu hata baada ya kampuni kuondoka?

1. Kampuni inafundisha nini?

Mafunzo ya kazini yako ya namna nyingi. Mashirika makubwa huwa na chuo chao. Bandari yetu ya Mombasa ilikuwa na Chuo cha Bandari, ambacho mwaka 2018 kiligeuzwa kuwa Bandari Maritime Academy. Kampuni nyingine huita mwalimu kwa siku mbili tatu. Wako pia wanagenzi, yaani vijana wanaofundishwa ufundi kwa mkataba maalum. Lakini wengi wetu tumefundishwa kwa njia ya kawaida kabisa: unawekwa kando ya mtu mzoefu, unaambiwa, "Tazama huyu anavyofanya."

Tuelewe jambo moja. Kampuni inafundisha kile inachokihitaji yenyewe. Hiyo si dhambi, ndiyo biashara. Lakini mara nyingi inampa mtu kipande cha ufundi, si ufundi mzima. Dada mmoja wa Changamwe alifanya kazi miaka sita katika kiwanda cha nguo cha EPZ. Kazi yake ilikuwa kushona zipu za suruali, asubuhi mpaka jioni. Alikuwa na mkono wa haraka ajabu. Alipoachishwa akanunua cherehani, jirani akamletea kitambaa cha gauni. Hapo ndipo alipogundua hajui kupima mtu wala kukata nguo.

Kwa hiyo ukiwa kazini, uliza. Mwombe msimamizi akuhamishe sehemu nyingine kidogo, hata kwa juma moja. Wakati wa mapumziko, keti na fundi mwenzako akuonyeshe kazi yake. Usingoje siku ya kuachishwa. Hata viwanda vikubwa husimama: kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963, na mwaka 2013 kikaacha kusafisha mafuta.

2. Pesa za mafunzo zipo

Wengi hawajui kwamba Kenya ina Sheria ya Mafunzo ya Viwandani. Chini ya sheria hii waajiri wanatozwa ada ya mafunzo. Agizo la mwaka 2007 liliweka ada hiyo kuwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Ni mzigo wa mwajiri, si wa mfanyakazi. Mwaka 2011 sheria ilirekebishwa, ikaundwa mamlaka inayoitwa NITA kusimamia mambo haya. Kampuni iliyolipa ada na kufuata utaratibu inaweza kuomba irudishiwe sehemu ya gharama za kufundisha watu wake.

Hii ina maana gani kwetu? Mfanyakazi, au mjumbe wa chama cha wafanyakazi, anaweza kumwendea mwajiri kwa heshima na kumwuliza: "Bosi, ada tunalipa. Mbona hatuleti mafunzo?" Hapo haombi msaada, anakumbusha tu.

3. Mafunzo ya usalama si zawadi

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema mtu asiwekwe kwenye mashine ya hatari kabla hajaelezwa hatari zake na namna ya kujikinga. Awe amefundishwa vya kutosha, au awe chini ya uangalizi wa mtu anayeijua mashine hiyo. Usione haya kusema, "Mashine hii sijafundishwa." Afadhali aibu ya dakika moja kuliko kukosa vidole maisha yako yote.

4. Dai karatasi yako

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi anapoacha kazi, isipokuwa kama hakufikisha majuma manne mfululizo. Cheti hicho kinaonyesha jina la mwajiri na anwani yake, jina lako, siku uliyoanza, kazi uliyofanya na mahali ulipoifanyia, na siku uliyoacha. Mwajiri halazimiki kukusifu. Lakini kukunyima cheti kwa makusudi ni kosa. Ukinyimwa, nenda ofisi ya kazi.

Soma kabla ya kupokea. Kama ulikuwa fundi wa kuchomelea, kisiandikwe "kibarua" tu. Na kila unapohudhuria mafunzo, hata ya siku moja, omba barua inayosema ulifundishwa nini na lini. Kama mafunzo yana mkataba wa kukutaka ubaki kazini miaka kadhaa, usitie sahihi kabla hujaelewa utadaiwa nini ukiondoka mapema.

5. Kama karatasi hakuna kabisa

Bado njia ipo. Kuna mitihani ya ufundi inayosimamiwa na NITA, ile tunayoiita gredi. Gredi ya tatu ndiyo ya kuanzia, halafu ya pili, halafu ya kwanza. Fundi anapimwa kwa kazi anayoifanya kwa mikono yake, na anaulizwa maswali. NITA wana kituo hapa Mombasa. Ulizeni huko ada na tarehe kabla ya kujiandaa.

Yule mzee wa Likoni alikopeshwa ada na kikundi chake. Mara ya kwanza alishindwa. Kazi aliijua, lakini majina ya vipimo hakuwahi kuambiwa. Kijana wa kikundi aliyesoma chuo cha ufundi akakaa naye jioni kwa jioni, na mara ya pili akapita. Kazi hakuipata kesho yake, ilichukua miezi minne. Lakini siku hizi akiulizwa karatasi, hatazami chini.

6. Kikundi kifanye nini?

Mambo matatu tu. Kwanza, wekeni daftari la ujuzi: kila mwanachama aandikwe anajua nini na alijifunzia wapi. Pili, tengeni fungu dogo la kukopesha ada ya mtihani. Tatu, fundishaneni. Dada wa zipu leo anajua kukata gauni kwa sababu mama mmoja wa kikundi alimfundisha, naye akamfundisha mama huyo kushona kwa kasi ya kiwandani. Kila mmoja alikuwa na kipande chake.

Maswali ya kujadili

1. Katika kikundi chetu, nani ana ujuzi wa kazini lakini hana karatasi yoyote?
2. Tulipoacha kazi, nani alipewa cheti cha utumishi? Kiliandikwa sawasawa?
3. Ni kipande gani cha ufundi tunacho, na kipi kinatukosa?
4. Kabla ya mkutano ujao, nani ataenda kuuliza habari za mitihani ya gredi?

Msifunge mkutano kabla swali la nne halijapata jina la mtu.